Uzi wa Kijani, Uzi wa Kahawia

Kaka yangu hajui kijani. Ukimwekea kijani na kahawia pamoja, yeye anaona rangi moja tu, ya tope lililokauka, na ukimuuliza ipi ni ipi ataanza kukohoa. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu miaka yote lilikuwa jambo la kufichwa, na mimi nimechoka kuficha. Si ugonjwa, si ujinga, wala hakuna aliyemroga. Macho yake yameumbwa hivyo, basi. Lakini nenda kamwambie yeye.

Chanzo ni shule. Mwalimu aliwapa ramani waipake rangi, na kaka, mtoto mwenye bidii, akaipaka ulimi nje. Misitu yote akaitia kahawia, jangwa likawa kijani kibichi. Mwalimu akaiinua ile karatasi darasa zima waione. Mimi nilikuwa darasa la chini, lakini kabla ya kengele ya mapumziko habari zilikuwa zimeshanifikia, na kaka alikuwa ameshabatizwa Jangwa. Jina hilo lilimganda mpaka anamaliza shule. Siku ile alipofika nyumbani alilala kifudifudi akakataa chakula, mama akadhani ana homa. Tangu hapo akanifanya mimi ndiyo macho yake. Tukiwa dukani alinikanyaga mguu. Nikijikuna sikio ajue ni kijani, nikishika pua ni kahawia. Watu walidhani nina chawa.

Alipokuwa mtu mzima akapata kazi ya kuchimba mitaro ya faiba, zile kebo za mtandao, na nadhani hiyo ndiyo kazi ya kwanza kumpa raha ya moyo. Mtaro hauulizi rangi. Unakata lami, unashuka chini mpaka kina walichotaka, ukikutana na bomba la maji unalizunguka kwa adabu, unalaza kebo, unamwaga mchanga laini, juu yake unatandaza utepe wa kuwaonya wachimbaji wa kesho, kisha unafukia na kushindilia. Kaka alikuwa na nguvu za trekta na mikono ya mkunga. Wenzake wakamwita Sululu, na jina hilo alilipenda. Alirudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, anaimba.

Mikono hiyo ndiyo iliyomponza. Msimamizi aliona kwamba kebo ikivutwa na Sululu haikunjiki wala haichubuki, akaamua kumtoa mtaroni amweke kwenye nyuzi. Ndani ya kebo kuna mirija myembamba, na ndani ya kila mrija kuna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, kila uzi umepakwa rangi yake ili ujulikane. Kebo moja ikikutana na nyingine, wa buluu lazima uungwe na wa buluu, wa kijani na wa kijani, hivyo hivyo mpaka rangi zote kumi na mbili ziishe. Ukikosea, mashine ya kuungia haikwambii. Yenyewe inayeyusha ncha mbili zinakuwa kitu kimoja, kiungo kinatoka safi, mwanga unapita. Unapita vizuri sana, ila unakwenda kwa mtu mwingine.

Akaja dukani kwangu na uso wa mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko barabarani, na cherehani nimeiweka mlangoni nipate mwanga na umbea kwa pamoja.

"Wamenipandisha cheo," akasema.

"Hongera! Sasa mbona umenuna?"

"Ni kazi ya nyuzi, mdogo wangu. Zina rangi."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikamwambia aende akaseme ukweli mapema, wampe kazi nyingine, dunia haitasimama.

"Nikaseme nini? Mtu mzima na ndevu zangu, nikaseme sijui kijani? Wataniita nani safari hii?"

Na wifi, mke wake, alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mume wake sasa ni fundi, si kibarua, atakuwa anarudi na kola safi. Hata yeye, kulala kitanda kimoja kote huko, hakujua habari ya macho ya mumewe. Akitumwa nyanya akaleta mbichi, alimwita mzembe tu. Basi nikatoa kopo langu la nyuzi, nikazipanga mezani, tukaanza shule. Buluu, njano, nyeupe, nyeusi, hizo hazikumsumbua. Kijani na kahawia zikawa mlima. "Kahawia imekolea zaidi," nikamfundisha. "Ukishindwa kabisa, tazama ile nzito." Akakariri. Nilifurahi kama mzazi wa mtoto aliyejua kusoma. Ndiyo, na mimi nilikuwamo.

Fundi mkuu wa nyuzi alikuwa mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Mwembamba, mkali, kucha kazikata mpaka karibu na nyama. Vipande vya kioo alivikusanya kwenye chupa kimoja kimoja, maana kikikuingia kwenye ngozi hukioni tena mpaka kitunge usaha. Alimfundisha kaka kuvua ganda la uzi bila kuukata, kuufuta kwa spiriti, kuikata ncha iwe bapa. Na alikuwa na utaratibu wake: alizipachika nyuzi kwenye sponji yenye mikato, kuanzia kushoto, akawa anampa mmoja mmoja huku anaita, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kaka kazi yake kupokea.

"Shangazi hana habari na rangi," aliniambia siku moja, meno yote nje. "Anakwenda kwa namba!"

Tukamshukuru Mungu, sote wawili, wajinga.

Mwishowe kazi ikafika mtaani kwetu. Shimo la maungio walilichimba ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu kabisa, wakatandika turubai juu yake. Kebo hiyo ilikuwa ya zahanati, shule na ofisi chache. Nilijivuna, sitaki uongo. Kila mteja aliyeingia nilimwonyesha kwa mkasi: yule pale aliyeinama ni kaka yangu, fundi.

Siku yenyewe, jua limeanza kulegea, Shangazi alipigiwa simu kwamba mama yake ameanguka bafuni. Nilimwona anatoka chini ya turubai huku anatafuta kiatu chake. Maneno aliyomwachia kaka nilisimuliwa baadaye: umebaki mrija mmoja, usiuguse, ningoje kesho asubuhi. Kisha akaondoka bila kumuaga msimamizi, kwa sababu kuomba ruhusa kwa msimamizi yule ni sawa na kumwomba figo.

Wachimbaji walitaka kufukia waende zao. Mmoja wao, mdomo wake haujui breki, akaanza.

"Sululu, vipi? Tungoje mpaka mama yako arudi?"

"Kumbe fundi ni yule mama," mwingine akadakia. "Huyu ni mbeba chupa."

"Namaliza sasa hivi," kaka akasema.

Akavua, akafuta, akakata. Kebo zile mbili zilitoka viwanda tofauti, na kwenye ile mpya kijani kilikuwa kimekolea kuliko kahawia. Yeye akatafuta ile nzito, kama nilivyomfundisha, akaunga nzito kwa nzito na nyepesi kwa nyepesi. Barabara yetu si pana. Angechukua zile ncha akavuka, mimi ningemwambia bila hata kuinuka kwenye kiti. Tena aliinua kichwa akanitazama, nakumbuka vizuri, na mimi nikampungia mkono kwa furaha. Lakini angevukaje mbele ya watu wale, fundi mzima, kwenda kumuuliza mshona nguo rangi? Wakafunga boksi la maungio, wakafukia.

Kesho yake zahanati haikuwa na mtandao, shule nayo vilevile. Mwanga wa zahanati ulikuwa unafika shuleni, wa shule unafika zahanati, na vifaa vya kila upande vilikuwa vinamkataa mgeni. Wagonjwa walijaa kwenye mabenchi ya nje mpaka wakaanza kukaa ukingoni mwa barabara, kwa kuwa majina yao na vipimo vyao vyote viko kwenye kompyuta. Jirani yangu mmoja, mzee wa sukari, alirudi nyumbani anagombana na fimbo yake.

Wakadhani kebo imekatwa. Wakaufukua mtaro, kipande baada ya kipande, wasione kidonda. Ndipo wakalifungua boksi. Msimamizi akashuka mwenyewe shimoni, akatoka na kisahani cha nyuzi, akakiinua juu kila mtu akione.

"Kijani kwa kahawia! Kahawia kwa kijani! Shangazi, hili hata mtoto wa chekechea angeliona!"

Watu wakacheka, hata wale wachimbaji wa jioni ile, maana nani angekiri kwamba walimharakisha Sululu? Mmoja akasema macho ya bibi yamechuja, mwingine akauliza kama alikuwa anaunga huku anasinzia. Shangazi alisimama pale ukingoni na mfuko wake wa vifaa. Neno moja tu, "sikuwapo," lingemtosha. Akamgeukia kaka, akamtazama bila ukali wowote, akangoja. Kaka akatazama buti zake. Basi Shangazi akashuka, akaunga upya nyuzi zile, msimamizi amemsimamia begani utadhani mtihani wa taifa, na kaka yangu akawa anampa spiriti.

Mimi niliona yote nikiwa na pini mdomoni. Nilijua palepale, wala sikuhitaji kuambiwa. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawa moto, na vazi nililokuwa nashona nikalishona mkono wa kulia mahali pa kushoto.

Jioni nilimvizia uani. Nyumba zetu zinatazamana, katikati kuna kamba ya nguo tu.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Punguza sauti, wifi yako atasikia."

"Asikie! Yule mama anasemwa kwa ajili yako."

"Kwani wamemfukuza? Wamemsema tu, yatapita. Nikisema mimi ndiyo basi tena. Nitarudi kuwa Jangwa."

"Na yeye arudi kuwa nani?"

Akashika shati lililokuwa kwenye kamba, akawa analikamua na lilikuwa limeshakauka. Nilimtukana matusi ambayo dada hamtukani kaka yake. Lakini mtu asinisifu. Shangazi alikuwa hapo ng'ambo kila siku, na mimi nina miguu miwili mizima. Sikuvuka.

Siku zikaenda. Kaka akaacha kula, akaacha kuimba, wifi akadhani kuna mwanamke nje, akawa ananusa mashati. Mtaro uliachwa wazi wakisubiri wakubwa waje wakague. Kila asubuhi kabla ya kazi Shangazi alikuja na kikombe chake cha chai, akaketi karibu na kaka juu ya lundo la udongo.

"Kuna habari?" alimuuliza.

"Hakuna, Shangazi. Salama tu."

"Haya." Akanywa chai yake, wakaingia kazini. Nilikuwa nawasikia kutoka mlangoni kwangu, na kila niliposikia "salama tu" nilikanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu ili kelele iwazidi.

Kisha likaja neno kutoka ofisini: Shangazi atolewe kwenye mashine, akakae stoo kulinda makoleo, na nafasi yake ya fundi mkuu apewe kaka. Wifi aliingia dukani kwangu anacheza, kitambaa begani. Alitaka shati jipya la mumewe, la siku ya kukabidhiwa.

"Mpime vizuri, wifi, amepungua huyu kwa kazi," akasema, akatoka kwenda kuwaambia majirani.

Nikampima. Alisimama mikono pembeni, na nilipopitisha futi kifuani nikahisi moyo wake unavyokwenda.

"Sitaweza," akanong'ona.

"Kuweza nini? Kupokea au kusema?"

"Sijui."

"Basi shati hili sitalishona," nikamwambia, nikakunja kitambaa nikamrudishia.

Walikutana asubuhi upande ule wa barabara, wachimbaji na makoleo yao, msimamizi katikati. Wifi alikuja akasimama nyuma yangu mlangoni, amejipaka mafuta uso unang'aa. Shangazi alileta mashine ndani ya sanduku lake, amelifuta vumbi mpaka kwenye kona. Msimamizi akasema maneno machache kuhusu umakini, kisha akamwambia amkabidhi mwenzake.

"Pokea, mwanangu," Shangazi akasema, mikono yote miwili mbele.

Kaka akanyoosha mikono. Ikafika karibu na sanduku, ikarudi.

"Si yeye," akasema.

"Si yeye nini?" msimamizi akauliza.

"Mrija ule niliunga mimi. Shangazi hakuwapo, aliniambia nimngoje, sikumngoja. Mimi, bosi… mimi sijui rangi. Kijani na kahawia sizijui. Sijawahi kuzijua tangu nizaliwe."

Mtu akaguna. Msimamizi hakuamini, alidhani kaka anajitia wema amkinge mama wa watu. Akavuka barabara, akaingia dukani kwangu bila hodi, akachukua rili mbili za uzi mezani, akarudi nazo.

"Haya. Hii rangi gani?"

Kaka alinitazama. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupanda wenyewe kwenda sikioni, nao ulikuwa umefika shingoni alipotikisa kichwa, kwamba hapana, niache. Nikaushusha.

"Kahawia," akasema.

Ilikuwa kijani, kijani cha sare za shule, kijani ambacho kipofu angekaribia kukihisi. Wakacheka jamani. Yule asiye na breki alicheka mpaka akakaa chini, na mwingine akaanza kumwonyesha suruali yake, "Na hii? Na hii?" Nyuma yangu wifi alisema, "Yesu wangu," polepole, akafunika uso kwa viganja. Alikuwa anasikia pamoja na wachimbaji kitu ambacho alipaswa kukisikia kwanza kitandani. Kaka alivumilia. Alisimama wima katikati ya kicheko, jasho linamtiririka, akavumilia, na mimi ambaye nilimtaka aseme nikatamani ardhi ile iliyochimbwa inimeze mimi.

Msimamizi akamgeukia Shangazi. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu wiki yake ya kwanza," Shangazi akasema. "Unadhani kwa nini nilianza kuita namba? Miaka yangu yote kwenye nyuzi sijawahi kuita namba. Mikono yake ilikuwa mizuri, nikaona hasara kuipoteza."

"Sasa mbona ulinyamaza ukasingiziwa?"

"Niliondoka bila ruhusa, tena nikamwacha peke yake hali namjua. Hilo ni langu, nikalibeba. La kwake nilimwachia alibebe mwenyewe. Ni mtu mzima."

Kicheko kilikatika. Hapo ndipo nilipomwona kaka anakaa. Hakuanguka, alikaa tu juu ya lundo la udongo, mahali pale pale walipokuwa wakinywa chai, akashika kichwa. Kuchekwa alikuzoea tangu utoto. Hili la kujua kwamba alikuwa anatazamwa siku zote zile na mtu anayejua kila kitu, hakuwa na pa kuliweka.

Msimamizi alimaliza shauri haraka, maana hata yeye alianza kutafuta pa kuangalia. Mashine ibaki kwa Shangazi, atasema mwenyewe na ofisi. Sululu arudi mtaroni. Watu wakatawanyika, kila mmoja akijifanya ana haraka.

Kaka akainuka akamfuata Shangazi, aliyekuwa anakaza mkanda wa sanduku.

"Shangazi, nisamehe. Zile rangi…"

"Rangi nilikusamehe zamani," akasema bila kuinua kichwa. "Asiyeona haoni, hana kosa. Lakini mimi nilikaa hapa kila asubuhi nikakuuliza kuna habari, na wewe ukaniambia hakuna. Asubuhi zile, mwanangu, bado sijaweza."

Kaka akasema, "Haya, Shangazi." Akaenda kuchukua koleo, akashuka upande wa mtaro uliokuwa wazi, akaanza kufukia.